Maisha ya Bwana Fisher na Vikombe Nane

Ronald Fisher alizaliwa London mwaka wa 1890. Macho yake yalikuwa mabaya. Huko shuleni walimkataza kusoma usiku kwa taa ya umeme, akazoea kufanya hesabu kichwani. (Sisi umeme ukikatika tunafunga kitabu!)

Tangu 1919 alifanya kazi Rothamsted, shamba la majaribio la Uingereza. Siku moja mama Muriel Bristol alikataa chai yake: alisema anatambua kwa ulimi kama maziwa yametangulia kikombeni au chai. Fisher akatengeneza jaribio. Vikombe 8: vinne maziwa kwanza, vinne chai kwanza, vikapangwa kwa kura. Mwenye kubahatisha ana njia 70 za kuchagua vinne, na moja tu ndiyo sawa kabisa. Inasimuliwa kwamba mama alivipata vyote. Basi haiko bahati tu!

Alifundisha pia kutobadilisha kitu kimoja kimoja. Kwetu Butembo, anayekausha utomvu wa mapapai ajaribu joto dogo na kubwa, kila moja kwa muda mfupi na mrefu. Kwa majaribio hayo 4 atakisia mabadiliko yatazaa nini, mbele ya kuharibu mali. George Box, aliyekuja kuwa mkwe wake, aliendeleza kazi hiyo katika viwanda vya kemikali vya ICI.

Lakini miaka ya 1950 Fisher, mvuta kiko, alibisha kwamba sigara inaleta kansa ya mapafu; ushahidi, kwake, haukutoka katika jaribio la kura. Hapo naona alipotea. Nani angewapigia watu kura wavute? Alifariki Adelaide, Australia, mwaka wa 1962.