Samora Machel: Alivuka Ruvuma salama, akafia katika anga ya uhasama

Na Mwandishi Wetu, Songea

WAKAZI wa Mkoa wa Ruvuma, unaopakana na Msumbiji kwa upande wa kusini, wanalifahamu vema jina la Samora Moisés Machel. Wakati wa vita vya ukombozi mkoa huu ulipokea wakimbizi waliovuka Mto Ruvuma kutoka jimbo la Niassa, na baadhi yao walipewa makazi Muhukuru, kusini mwa mji wa Songea.

Vita hivyo ndivyo vilivyomkuza Samora. Hata hivyo, mauti hayakumkuta msituni, bali angani, miaka 11 baada ya nchi yake kupata uhuru.

Samora alizaliwa Septemba 29, 1933, katika jimbo la Gaza, akiwa mtoto wa mkulima. Alisomea uuguzi na kufanya kazi hospitalini mjini Lourenço Marques, ambao sasa ni Maputo. Mwaka 1963 alitoroka kupitia Bechuanaland, sasa Botswana, akafika Dar es Salaam na kujiunga na chama cha FRELIMO.

Baada ya mafunzo ya kijeshi nchini Algeria, alisimamia wapiganaji katika kambi za Kongwa na Nachingwea. Mwaka 1970, kufuatia kuuawa kwa Dk. Eduardo Mondlane jijini Dar es Salaam Februari 1969, alichaguliwa kuwa Rais wa FRELIMO. Juni 25, 1975, akawa Rais wa kwanza wa Msumbiji huru.

Uhuru haukuleta amani. Utawala wa Makaburu wa Afrika Kusini uliwasaidia waasi wa RENAMO, na hata Mkataba wa Nkomati uliotiwa saini Machi 16, 1984 haukumaliza uhasama. Mapema Oktoba 1986, Waziri wa Ulinzi wa Afrika Kusini, Magnus Malan, alimtishia Samora hadharani.

Usiku wa Jumapili, Oktoba 19, 1986, Samora alikuwa akirejea Maputo kutoka kwenye mkutano wa viongozi uliofanyika Mbala, Zambia. Ndege yake aina ya Tupolev 134, iliyoendeshwa na marubani wa Kisovieti, ilikata kona kuelekea kulia kabla ya kufika Maputo, ikaingia Afrika Kusini na kugonga vilima vya Mbuzini.

Tume ya Jaji Cecil Margo wa Afrika Kusini iliwatupia lawama marubani, kwamba walishuka gizani chini ya mwinuko salama na kupuuza kifaa cha tahadhari. Wasovieti walipinga. Wao walidai kuwa ndege ilipotoshwa na mtambo bandia wa redio, uliotoa mawimbi kama yale ya mtambo halisi wa kuongozea ndege wa Maputo. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini ililitazama upya suala hilo mwaka 1998, nayo haikufikia uamuzi wa mwisho.

Hata hivyo, jambo moja halina ubishi. Rada za kijeshi za Afrika Kusini zilikuwa zikiifuatilia ndege hiyo, lakini marubani hawakuonywa kwamba wamepotea njia.

Ndege ya rais na ndege ya abiria huongozwa na mitambo ile ile ya ardhini. Rubani anayeruka usiku hana budi kuiamini, na jirani anapogeuka adui, imani hiyo huingia shaka. Julai 17, 2014, ndege ya abiria ya Malaysia iliyopita juu ya uwanja wa vita mashariki mwa Ukraine ilitunguliwa kwa kombora, na watu wote 298 wakafa. Anga ilikuwa imeachwa wazi huku chini watu wakipigana.

Mbuzini sasa kuna mnara wa kumbukumbu uliozinduliwa Januari 1999, wenye mabomba 35 ya chuma, moja kwa kila aliyepoteza maisha. Upepo unapovuma, mabomba hayo hulia.