Mjeledi Mkononi mwa Mwadilifu: Maisha ya Shaaban Robert na Suala la Ukatili katika Hadithi Zake

1.0 Utangulizi

Ukatili ni somo kongwe katika fasihi ya dunia. Mfaransa Marquis de Sade (1740-1814) aliandika riwaya ambamo kumtesa mwenzio ni chanzo cha raha, na baadaye daktari Krafft-Ebing akalitumia jina lake kuuita ugonjwa wa nafsi unaofanana na hali hiyo. Katika fasihi ya Kiswahili, jina la Shaaban Robert halitajwi kwa kawaida pale mjadala wa namna hii unapozuka. Yeye huhesabiwa kuwa mwandishi wa adili, wema na subira. Hata hivyo, katikati ya mojawapo ya vitabu vyake vilivyosomwa sana kuna mtu mwema anayewapiga mijeledi ndugu zake usiku baada ya usiku. Makala haya yanayafuata maisha ya mwandishi huyo ili kuonyesha jinsi alivyolielewa suala la ukatili, na kwa nini hakumpa msomaji wake nafasi ya kuufurahia.

2.0 Asili na Malezi

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na Tanga. Asili ya ukoo wake ilikuwa ya Wayao, ingawa yeye alijihesabu kuwa Mswahili. Uyao wa kale uko kusini, kati ya mito Ruvuma na Lugenda. Katika karne ya 19 misafara ya Wayao ilishuka pwani na pembe za ndovu pamoja na watumwa, ikielekea Kilwa, Lindi na Mikindani, mwambao uleule ambako leo upo mji wa Mtwara na mtaa wake wa Shangani. Kwa hiyo, nyuma ya ukoo huu kulikuwa na historia ya nchi iliyoijua minyororo, kwa wale walioivaa na kwa wale walioifunga. Si lazima kumtafutia mwandishi nafasi yake binafsi katika historia hiyo. Inatosha kukumbuka kwamba watu wa mwambao mzima, tangu mlango wa Ruvuma hadi Tanga, walikuwa warithi wake.

Alizaliwa chini ya utawala wa Wadachi, ambao kiboko kilikuwa alama yake. Adhabu ya viboko ishirini na vitano, iliyojulikana kwa jina la hamsa ishirini, ilikuwa ikitolewa kwa amri na kwa hesabu. Huo ulikuwa ukatili usiohitaji hasira. Mpigaji alitumwa, mwamuru alitazama, na idadi iliandikwa. Utawala huo ulipokwisha Shaaban alikuwa bado mtoto, lakini kumbukumbu yake ilibaki katika lugha ya wazee.

Kati ya mwaka 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam, akahitimu akiwa mtu wa pili katika mtihani wake wa mwisho. Hakupata elimu ya juu zaidi ya hiyo.

3.0 Karani wa Serikali

Tangu mwaka 1926 hadi 1944 alikuwa karani katika Idara ya Forodha, akihamishwa kutoka kituo hadi kituo, Pangani ikiwa miongoni mwao. Kisha alitumika katika Idara ya Wanyama hadi mwaka 1946, katika ofisi ya wilaya ya Tanga hadi 1952, na katika idara ya upimaji hadi 1960. Hiyo ni miaka 34 ya kupokea amri na kuzitekeleza. Jambo hili lina uzito kwa mhakiki. Mtu aliyeishi hivyo aliujua vizuri utii, faida yake na aibu yake. Alijua pia kwamba katika dola ya kikoloni mtumishi mwaminifu hakuulizwa kama amri ilikuwa ya haki.

Msiba nao ulimfika mapema. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki akamwachia watoto wa kulea. Malezi hayo ndiyo yaliyozaa Utenzi wa Hati, aliomwandikia binti yake, na Utenzi wa Adili, aliomwandikia mwanawe. Neno adili, basi, lilikuwa neno la nyumbani kwake kabla halijawa jina la mhusika wa hadithi.

4.0 Sura Tatu za Ukatili

Kazi tatu za nathari zinaonyesha sura tatu za ukatili kama alivyouelewa.

Ya kwanza ni Kufikirika, aliyoiandika katika miaka ya 1940 na ambayo ilichapishwa mwaka 1967, baada ya kufa kwake. Humo mtoto wa mfalme anaugua, na waganga wanaagiza kafara ya binadamu, mwerevu mmoja na mjinga mmoja. Hapana anayewachukia wahanga hao. Wanatakiwa wafe kwa sababu utaratibu wa imani unadai hivyo, na nchi nzima inauona utaratibu huo kuwa tiba. Huu ni ukatili wa mila.

Ya pili ni Kusadikika, iliyotolewa mwaka 1951. Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, na waziri Majivuno ndiye mshtaki wake. Katika utetezi wake wa siku sita, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote za ulimwengu, wakarudi na mawazo ya manufaa, wakalipwa kifungo. Huu ni ukatili wa dola. Hauna damu nyingi. Silaha yake ni baraza, hukumu na gereza, na makovu yake yamo katika miaka iliyopotea. Wahakiki wengi wameisoma Kusadikika kuwa ni picha ya Tanganyika ya wakoloni, na ni vigumu kuukataa usomaji huo.

Ya tatu ni Adili na Nduguze, iliyotolewa mwaka 1952, na ndiyo inayogusa kiini cha suala. Mfalme Rai anapata habari kwamba liwali wake Adili, mtu asifiwaye kwa haki, huwapiga manyani wawili kila usiku. Ikibali, mjumbe wa mfalme, ndiye aliyelishuhudia tendo hilo kwa siri. Baadaye inafahamika kwamba manyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu wa Adili waliojaribu kumwangamiza baharini. Huria, jini aliyemwokoa Adili kwa kulipa fadhila, ndiye aliyewageuza na kuamuru wapigwe. Adili hupiga, hulia, kisha huwalisha na kuwabembeleza.

5.0 Alichokata Mwandishi

Hadithi hii haikuanza kwake. Asili yake ni kisa cha Abdalla bin Fadhili na nduguze katika Alfu Lela Ulela, mkusanyo ambao wasomaji wa Kiswahili walikuwa wamekwisha kuupata katika tafsiri kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Katika kisa cha Kiarabu walioadhibiwa ni mbwa. Baada ya kusamehewa na kurudia utu wao, ndugu hao wanajaribu kumuua Abdalla, nao wananyongwa. Funzo lake ni kwamba mwovu habadiliki, na kwamba viboko vilikuwa halali yake.

Shaaban Robert aliukata mwisho huo. Katika toleo lake ndugu wanatubu, wanasamehewa, na jamaa inaungana tena. Badiliko hili si pambo la fani. Linageuza maana ya mijeledi yote iliyotangulia. Ikiwa mwovu aweza kubadilika, basi mateso ya kila usiku yanadai hoja ya kuyatetea, na hoja hiyo haipatikani katika maumivu yenyewe. Kinachowarudishia Hasidi na Mwivu utu wao ni maombezi na msamaha, na mjeledi ulikuwa umeshindwa kazi hiyo kwa muda wote uliotumika.

Tofauti yake na Sade iko hapa. Kwa Sade anayetesa ni huru, na uhuru huo ndio raha yake. Kwa Shaaban Robert anayetesa amefungwa na amri, na machozi yake ni ushahidi wa kifungo hicho. Lakini swali gumu linabaki. Je, machozi yanamwondolea mpigaji hatia? Adili hakukataa. Ilihitajika sauti ya mfalme, naye ni mtu wa nje, ili desturi ile ihojiwe. Msomaji aliyeijua hamsa ishirini asingeweza kulipita swali hilo kwa urahisi, na huenda karani wa miaka 34 hakulipita pia.

6.0 Miaka ya Mwisho na Urithi

Alipokuwa hai alitunukiwa nishani ya MBE na tuzo ya Margaret Wrong, akawa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Aliuona uhuru wa Tanganyika wa Desemba 1961, akafariki Juni 1962, akazikwa Machui.

Waliofuata waliufungua mlango alioufunga. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, Zakaria anampiga binti yake bila amri ya jini wala ya mfalme, na kipigo hicho ni mwanzo wa maangamizi ya msichana. Kitabu hicho kilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Kezilahabi huyohuyo aliandika tasnifu yake ya uzamili juu ya riwaya za Shaaban Robert.

7.0 Hitimisho

Imewahi kudaiwa kwamba wahusika wa Shaaban Robert ni bapa kwa kuwa majina yao yanatangulia kuwahukumu. Dai hilo lina ukweli kwa Majivuno na kwa Hasidi. Kwa Adili halitoshi. Jina lake linaahidi haki, mkono wake unashika mjeledi, na mwandishi hakuliondoa pengo lililo kati ya viwili hivyo. Shaaban Robert hakuandika juu ya mtu mkatili. Aliandika juu ya mtu mwema anayetenda ukatili kwa sababu ameamriwa, na katika karne aliyoishi huyo ndiye aliyekuwa wa hatari zaidi.