Eliud Mathu: mwakilishi wa kwanza aliyeangushwa na daftari la kura

Kila uchaguzi ukikaribia, vijana wetu kuanzia Lamu hadi Vanga hubishana kuhusu wagombea. Nani ana pesa, nani ana watu, nani katoka ukoo gani. Wachache sana huuliza swali linalotangulia hayo yote: ni nani aliyeandikwa katika daftari? Jibu la swali hilo ndilo lililomwangusha Eliud Wambu Mathu, na waliolitoa ni watu wa Meru na Embu.

Mathu alikuwa Mkikuyu wa Riruta, upande wa Kiambu. Shule ya Alliance ilipofunguliwa mwaka 1926, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo. Alisoma Fort Hare huko Afrika Kusini, kisha Uingereza mpaka Oxford, akarudi kufundisha. Wakati huo Waafrika wenye elimu hiyo katika Kenya walihesabika kwa vidole.

Hadi wakati huo, maslahi ya Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria yalisemewa na Wazungu, wengi wao wamishonari. Oktoba 1944 serikali ilimteua Mathu, akawa Mwafrika wa kwanza kukaa katika baraza hilo. Chama kilichokuja kuwa KAU kiliundwa mwaka huohuo ili kimpe nguvu.

Alisimama peke yake mbele ya walowezi na kuzungumzia ardhi, mishahara na shule. Jambo moja alilolipigania sana ni kipande, ile karatasi ambayo mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuibeba, wengi wakiivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Bila kipande hupati kazi, na askari akikukuta huna, unalala ndani. Mathu alitaka mtu asipimwe utu wake kwa karatasi.

Mwaka 1952 aliingia pia katika Baraza la Utendaji la gavana, Mwafrika wa kwanza kufika hapo. Lakini ulikuwa mwaka mbaya. Oktoba 20 Hali ya Hatari ilitangazwa kwa sababu ya Mau Mau. Viongozi wa KAU walikamatwa, na mwaka 1953 chama kikapigwa marufuku. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatiwa vizuizini. Mathu alibaki barazani, na kubaki kwake kukamponza: Wazungu wakimtilia shaka, na baadhi ya watu wake wakimwona karibu mno na serikali.

Ndipo ukaja uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza kwa Waafrika wa Kenya kuchagua wajumbe wao. Viti vilikuwa vinane nchi nzima. Hapa Pwani kiti kimoja kilikusanya bara na visiwa, na mshindi akawa mwalimu Ronald Ngala. Waarabu walikuwa na uwakilishi wao mbali. Haikuwa kura ya kila mtu. Ilitazamwa elimu, mapato, mali, umri au utumishi, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura tatu.

Katika jimbo la Kati, lililojumuisha Meru na Embu, kulikuwa na kizingiti kingine. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza wachunguzwe na kupewa cheti cha uaminifu kuonyesha kwamba hawakuunga mkono Mau Mau. Kiambu, Murang'a na Nyeri wengi walikikosa cheti hicho, au walikuwa vizuizini. Wameru walioandikishwa walikuwa wengi kupita kiasi cha idadi yao jimboni, na walikuwa na mgombea wao, mwalimu Bernard Mate.

Mate alishinda. Mtu aliyekuwa sauti ya Waafrika kwa zaidi ya miaka 12 alitolewa na daftari ambalo watu wa kwao hawamo. Si kosa la Wameru. Walipewa kura wakaitumia, na haki yao. Viti vilipoongezwa mwaka 1958, Embu nayo ilimtoa mwalimu Jeremiah Nyagah.

Mathu alifanya kazi na Umoja wa Mataifa huko Addis Ababa, na baada ya uhuru akamtumikia Rais Kenyatta Ikulu. Alifariki mwaka 1993, na vijana wengi leo hawalijui jina lake.

Ndugu msomaji, tazama mzunguko huu. Aliyepinga kipande aliangushwa na cheti. Na sisi wa Pwani tunaujua uchungu wa karatasi. Wangapi kwetu wameulizwa asili ya babu zao kabla ya kupewa kitambulisho, wakazungushwa hadi uchaguzi ukapita? Asiye na kitambulisho hana kura, na asiye na kura husemewa na wengine.

Basi mtoto akitimiza miaka 18, mpeleke akachukue kitambulisho, kisha ajiandikishe. Akizungushwa, wazee na viongozi wafuate jambo lake sasa, si wiki ya mwisho. Mgombea mzuri bila watu wake daftarini ni kama jahazi lisilo na tanga: litapendeza bandarini, lakini halitoki.