Ian Fleming, Mtu wa Kazi Nyingi

Katika kurasa hizi za Kiswahili wenzangu wamezoea kuwaletea habari za wafalme, wavumbuzi na mashujaa. Mimi leo nataka kuwasimulia maisha ya mtu ambaye hakuwa mfalme wala shujaa, ingawa alivaa nguo za ofisa wa majini kwa miaka sita ya vita. Mtu huyo ni Ian Fleming, Mwingereza aliyetunga hadithi za James Bond. Wengi wetu twamjua Bond kwa sinema, lakini aliyemzaa kwa kalamu hatumjui.

Kwanza nieleze kwa nini nimemchagua. Mimi ni mtoto wa pili kwetu. Kaka yangu alisoma katika shule hii hii, na jina lake limeandikwa ukutani kwa rangi ya dhahabu. Kila mwalimu mgeni akisikia jina la baba yetu huniuliza kama mimi ni mdogo wake, kisha hungoja nifanye maajabu. Mwaka jana matokeo yangu ya mtihani yalikuwa mabaya. Likizo nzima nilikaa nyumbani nikiona haya kutoka nje, na ndipo nilipopata kitabu cha maisha ya Fleming. Nilidhani nitasoma habari za bastola na magari ya mbio. Nikakuta habari za mtoto wa pili aliyeshindwa mara nyingi, na kaka yake akasifiwa kila mahali.

Ian Fleming alizaliwa London tarehe 28 Mei 1908. Babu yake, Robert Fleming, alitoka mji wa Dundee huko Scotland, akajipatia mali nyingi na kuwa mwenye benki. Baba yake, Valentine, alikuwa Mbunge. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alikwenda kupigana Ufaransa, na mwezi wa Mei 1917 akauawa kwa mizinga ya Wajerumani. Ian alikuwa hajatimiza hata miaka tisa. Winston Churchill, rafiki wa marehemu, ndiye aliyeandika tanzia yake katika gazeti la The Times. Basi mama akabaki na wana wanne wa kiume, na kila mmoja wao alikua akiambiwa habari za baba shujaa.

Mkubwa wao alikuwa Peter, aliyemzidi Ian kwa mwaka mmoja tu. Peter alikuwa hodari wa masomo, akafaulu Oxford kwa daraja la kwanza, na mwaka 1933 kitabu chake cha safari ya Brazil kikampa sifa kubwa. Ian alisoma katika shule ile ile ya Eton. Vitabu havikumvuta, ila miguu yake ilikuwa na mbio, na kwa miaka miwili mfululizo alikuwa bingwa wa michezo wa shule nzima. Lakini mbio hazikumridhisha mama yake. Alimpeleka Sandhurst, chuo cha maofisa wa jeshi, naye akatoka mwaka 1927 bila kupata cheo.

Baada ya hapo alipelekwa Kitzbühel, mji wa milimani katika Austria, akae kwa mtu na mkewe waliokuwa na shule ndogo ya vijana. Yule bwana aliwahi kufanya kazi ya upelelezi wa Uingereza, na mkewe, Phyllis Bottome, alikuwa mtunzi wa riwaya. Tazama bahati! Kijana aliyeonekana hafai kitu alitiwa katika nyumba moja yenye upelelezi na utunzi pamoja. Huko alijifunza Kijerumani vizuri, na huko alianza kujaribu kuandika hadithi. Akaendelea na masomo Munich na Geneva. Mwaka 1931 alifanya mtihani wa kuingia Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje. Hakuchukuliwa.

Hapo nilipofika katika kitabu nilisimama kidogo. Nilihesabu: jeshi limemkosa, wizara imemkataa, na umri wake ni miaka 23. Nikaona kwamba mimi bado sijashindwa kama yeye.

Mwaka ule ule alipata kazi katika shirika la habari la Reuters. Kazi ile ina masharti yake: habari lazima iwe ya kweli, iwe fupi, nayo ifike mapema. Mwaka 1933 alitumwa Moscow kuandika habari za kesi ya mainjinia sita Waingereza wa kampuni ya Metropolitan-Vickers, walioshtakiwa kwa upelelezi na kuharibu mitambo. Alijaribu hata kuomba aonane na Stalin mwenyewe. Stalin hakukubali, lakini alimpelekea barua ya kumtaka radhi, yenye sahihi yake. Kwa kijana ambaye hajatimiza miaka 25, hiyo haikuwa barua ndogo.

Hata hivyo Reuters haikulipa sana, na familia ilitaka kumwona kijana wao katika kazi ya fedha. Mwishoni mwa 1933 aliingia katika benki, kisha mwaka 1935 akawa miongoni mwa mawakala wa kununua na kuuza hisa. Hakuwa hodari wa kazi hiyo. Alipata fedha za kula vizuri na kukusanya vitabu, lakini moyo haukuwapo. Ilipofika mwaka 1939 alikuwa na miaka 31, amekwisha kupita kazi tatu, wala hajulikani kwa lolote isipokuwa kwamba ni mdogo wake Peter.

Ndipo mlango ulipofunguka. Admirali John Godfrey, mkuu wa idara ya upelelezi ya jeshi la majini la Uingereza, alikuwa akitafuta msaidizi, kwa maana vita ilikuwa ikikaribia. Alimchagua Fleming. Watu wengi hudhani kwamba Fleming alikuwa jasusi wa kupanda kuta usiku. Sivyo. Alikuwa mtu wa mezani. Alikaa katika Chumba namba 39 cha Makao Makuu ya Jeshi la Majini, London, pamoja na maofisa wengine. Mbele yake zilipita habari za siri kutoka pande zote: meli zilizoonekana, maneno ya mateka, barua za mabalozi. Kazi yake ilikuwa kuzisoma, kuzipima, kuzipatanisha na habari za idara nyingine, kisha kuandika waraka mfupi ambao mkubwa wake angeweza kuusoma upesi na kuamua. Alipanda cheo hata kufika kamanda. Yale aliyojifunza Reuters yalimfaa sana hapo.

Tena alitakiwa kubuni hila. Mwezi wa Septemba 1939 idara ilitoa waraka, kwa jina la Godfrey, uliofananisha kumdanganya adui na kuvua trauti, yule samaki mwoga wa mito ya baridi. Waandishi wa historia wanauona mkono wa Fleming katika waraka huo. Katika hila zilizotajwa mlikuwa na moja ya kutumia maiti yenye karatasi za uongo, na wazo lenyewe lilitoka katika hadithi ya upelelezi iliyotungwa na mtu mwingine. Mwaka 1943 maofisa wengine walifanya hila ya namna hiyo kweli. Maiti iliyovikwa nguo za ofisa wa Kiingereza iliachwa baharini karibu na Huelva, Hispania, ikiwa na barua za kuwafanya Wajerumani wadhani kwamba majeshi yatashambulia Ugiriki na Sardinia. Julai mwaka ule majeshi yakashuka Sicily. Fleming hakuitekeleza hila hiyo mwenyewe, lakini jambo hili lanifundisha kwamba kusoma hadithi si kupoteza wakati, kama wengine wasemavyo.

Si kila hila ilifaulu. Mwaka 1940 wataalamu wa kufumbua maandishi ya siri walihitaji sana vitabu vya mafumbo vya manowari za Wajerumani. Fleming alishauri ichukuliwe ndege ya Kijerumani iliyotekwa, itiwe watu wanaojua Kijerumani, iangushwe baharini kwa makusudi, na meli ya adui ikija kuwaokoa, waiteke. Mpango ulitayarishwa, kisha ukaachwa kwa sababu meli ya kufaa haikupatikana. Wale wataalamu walisikitika sana.

Mwaka 1942 alisaidia kuunda kikosi maalumu, kilichojulikana baadaye kwa namba 30, cha kutangulia na askari wa mbele ili kunyakua nyaraka na mashine za siri za adui kabla hazijachomwa. Kikosi hicho kilijaribiwa kwanza katika shambulio la Dieppe, Agosti 1942. Fleming aliwatazama watu wake kutoka melini. Hakuruhusiwa kushuka pwani, kwa kuwa mtu anayejua siri nyingi hatakiwi kutekwa. Shambulio lile lilikuwa msiba: zaidi ya nusu ya askari waliotelemka waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Na mdogo wake Michael alikuwa amekwisha kufa mwaka 1940 kwa majeraha, akiwa mateka. Nafikiri hapa ndipo penye uchungu wa maisha yake. Baba yake alikufa vitani, ndugu yake pia, na yeye kazi yake ilikuwa kuwapeleka wengine na kubaki nyuma na karatasi. Nadhani ndiyo sababu mtu aliyemtunga baadaye hakai mezani hata kidogo.

Wakati wa vita alikwenda Jamaica kwa mkutano wa maofisa, akakipenda kisiwa kile. Vita ilipokwisha alijenga nyumba huko, kando ya bahari, akaiita Goldeneye. London alikuwa msimamizi wa waandishi wa nchi za nje katika magazeti ya Kemsley, na katika mkataba wake alikuwa ameomba likizo ndefu kila wakati wa baridi. Mwanzoni mwa 1952, akiwa na miaka 43 na karibu kuoa, alikaa Goldeneye mbele ya mashine yake ya taipu, akaanza hadithi. Katikati ya mwezi wa Machi ilikuwa imekwisha. Jina la shujaa alilichukua kwa mtaalamu wa ndege wa Marekani aliyeitwa James Bond, mwenye kitabu cha ndege wa visiwa vile. Alitaka jina la kawaida lisilo na mbwembwe.

Kitabu hicho, Casino Royale, kilitolewa Aprili 1953. Tangu hapo alifuata desturi moja: kila mwaka Jamaica, kila asubuhi mezani kwa saa tatu, na jioni saa moja tena, kama maneno 2,000 kwa siku, bila kurudi nyuma kusahihisha mpaka hadithi iishe. Kwa namna hiyo alipata riwaya kumi na mbili na vitabu viwili vya hadithi fupi. Ndani yake mna mchezo wa karata kama ule aliocheza Ureno mwaka 1941, mna mkubwa mkali anayefanana na Admirali Godfrey, mna milima ya Austria na mafaili ya Chumba namba 39.

Si kila alichoandika ni cha kusifiwa. Wanawake mara nyingi amewafanya pambo, na watu weusi amewaandika kwa dharau ya wakoloni wa wakati wake. Msomaji wa kwetu atayaona hayo, naye asiyafumbie macho.

Sifa zilikuja. Mwaka 1961 Rais Kennedy wa Marekani alitaja kitabu chake kimoja miongoni mwa vitabu kumi avipendavyo, na mwaka 1962 sinema ya kwanza, Dr. No, ilionyeshwa. Lakini mwili ulikuwa umechoka. Alivuta zaidi ya sigara sitini kwa siku na kunywa pombe nyingi. Mwaka 1961 moyo ulimshtua kwa mara ya kwanza. Akiwa kitandani aliandika kitabu cha watoto cha gari linaloruka angani, kwa ajili ya mwanawe wa pekee, Caspar. Kisha ikamkabili kesi mahakamani juu ya hadithi moja aliyoitunga pamoja na wengine, nayo ikamchosha zaidi. Aliaga dunia Canterbury tarehe 12 Agosti 1964, akiwa na miaka 56, siku ambayo Caspar alitimiza miaka 12. Kitabu cha watoto kilitoka baada ya kifo chake. Hadithi za Bond zilikuwa zimekwisha kuuzwa zaidi ya nakala milioni thelathini, naye hakuishi kufurahia mavuno hayo.

Basi mimi nimejifunza nini? Wazee husema akiba haiozi. Kijerumani cha Kitzbühel, haraka ya Reuters, kuchoka kwake katika hisa, mafaili ya vita, hata kitabu cha ndege, vyote vilikaa ghalani mpaka siku yake ikafika. Lakini afya nayo ni akiba, na hiyo aliitapanya, akamwacha mtoto mdogo bila baba kama yeye alivyoachwa.

Muhula huu ulipoanza, mwalimu mmoja mgeni aliniuliza tena kama mimi ni mdogo wa yule aliyeandikwa ukutani. Nilimjibu kwamba ndiye mimi, nikaketi, nikafungua daftari langu.