Mswaki wa Dkt. Kirk na kidonge chako cha moyo

Kama unauguza mgonjwa wa moyo huko Makere, Kasulu au Kibondo, huenda umewahi kushika kidonge kiitwacho digoksini. Leo nakusimulia habari za daktari aliyeonja jamaa yake wa karibu bila kukusudia.

John Kirk alizaliwa Uskoti mwaka 1832, akasomea udaktari Edinburgh. Wengi wanamkumbuka kama balozi mdogo wa Uingereza huko Unguja, aliyembana Sultani Barghash hadi akasaini mkataba wa 1873 wa kufunga masoko ya watumwa. Wewe wa Kigoma una sababu nyingine ya kumjua: ndiye aliyekuwa akimtumia Livingstone mizigo Ujiji.

Kabla ya hapo, kuanzia 1858, alifuatana na Livingstone katika safari ya mto Zambezi. Wawindaji wa kule walipaka mishale yao sumu iitwayo kombe, inayotokana na mbegu za mmea unaotambaa. Kirk aliiweka pamoja na vitu vyake, mswaki ukiwemo. Siku moja akipiga mswaki alihisi uchungu mdomoni. Wengi wetu tungetema tu, tukasahau. Yeye alijipima mapigo ya moyo, akakuta yamepungua. Sumu hiyo ilichunguzwa Edinburgh na Thomas Fraser, na kufikia miaka ya 1880 ikawa dawa ya moyo, strofantini.

Ndani yake mna sukari sahili adimu, simarosi, ambayo huipati kwenye chai wala asali. Digoksini nayo hubeba sukari adimu, dijitoksosi, tatu zilizoungana kama shanga. Fuwele zake zikipigwa eksirei, wanakemia huona mpangilio huo. Mwenye kisukari usihofu, ni kiasi kidogo mno kupandisha sukari ya damu.

Cha kuhofia ni kipimo. Kidonge cha kawaida kina miligramu 0.25 tu, na pengo kati ya kutibu na kudhuru ni jembamba. Umesahau dozi ya jana? Usimeze viwili leo. Usichanganye na mizizi ya moyo kabla hujamwonyesha daktari; sikucheki, mizizi mingine ina nguvu kweli, na hilo ndilo tatizo. Kichefuchefu, kutapika, kuona vitu vya njano au kijani, mapigo chini ya 60 kwa dakika: nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mtoto akimeza hata kimoja, usimsubirishe atapike. Mkimbize hospitali na ubebe pakiti.