Mume wa Malkia Asiyekuwa Mfalme

Huko Uingereza, mwanamke aliyeolewa na mfalme huitwa malkia, wala bunge haliketi kulijadili jambo hilo. Lakini mwanamume aliyemwoa malkia mtawala aitwe nani? Swali hili lilimwandama Albert wa Saxe-Coburg na Gotha kwa miaka kumi na saba ya ndoa yake, na aghalabu wanafunzi wetu wa historia hulipita mbio.

Albert alizaliwa Agosti 1819 katika kasri la Rosenau, karibu na Coburg, Ujerumani. Binamu yake Victoria alikuwa amemtangulia kwa miezi mitatu tu. Oktoba 1839, huko Windsor, Victoria ndiye aliyeposa, kwani desturi haikumruhusu mwanamume yeyote kumposa malkia anayetawala. Walioana tarehe 10 Februari 1840.

Vikwazo vilikuwa vimekwisha kuanza. Serikali iliomba Albert apewe posho ya pauni 50,000 kwa mwaka; Bunge likaipunguza hadi 30,000. Victoria alitamani mumewe aitwe mfalme, lakini waziri mkuu wake, Lord Melbourne, akamsihi aliache jambo hilo. Yasemekana alihofu kwamba watu wakizoea kuwafanya wenzao wafalme, watazoea pia kuwavua ufalme. Lililouma zaidi ni kwamba Ferdinand, binamu yake Albert aliyemwoa Malkia Maria wa Pili wa Ureno, alikuwa amepewa cheo cha mfalme mwaka 1837, mara mrithi alipozaliwa. Damu ilikuwa moja, bahati mbalimbali.

Mwanzoni Albert hakuruhusiwa hata kuziona nyaraka za serikali. Hakususa. Hotuba yake ya kwanza hadharani, Juni 1840, ilikuwa ya kupinga biashara ya watumwa barani Afrika. Kadiri mkewe alivyoshika mimba (walizaa watoto tisa), ndivyo kazi za utawala zilivyomwangukia yeye, hata akawa katibu na mshauri wa malkia bila ya kuwa na cheo cha kazi hiyo. Maonyesho Makuu ya mwaka 1851 jijini London, aliyoyasimamia kwa bidii, yalitembelewa na watu wapatao milioni sita, na faida yake ikanunua ardhi ya makumbusho yaliyoko Kensington Kusini hadi leo.

Cheo kilikuja Juni 1857. Bunge halikukitoa, Victoria mwenyewe, kwa hati yake ya kifalme, alimtangaza mumewe kuwa Mwanamfalme Mwenzi wa Malkia. Kwa maoni yangu, hati hiyo haikumwongezea mamlaka yoyote ambayo hakuwa nayo tayari. Alikitumia cheo hicho kwa miaka minne na ushei, akafariki tarehe 14 Desemba 1861, akiwa na umri wa miaka 42. Mjane wake alivaa nguo nyeusi kwa miaka 39 iliyomsalia.

Machi 1864 msafiri Samuel Baker alifika kwenye ziwa ambalo Wanyoro waliliita Mwitanzige, akaliita Albert, kana kwamba halikuwa na jina. Katika miaka ya 1970 Mobutu wa Zaire naye alilipachika jina lake mwenyewe. Mobutu alipong'olewa mwaka 1997, jina la Albert likarejea ramanini, na Mwitanzige likabaki vinywani mwa wenyeji.