Vivien Thomas: Fundi aliyewafunza madaktari upasuaji wa moyo

VIVIEN Thomas hakuwahi kuingia chuo cha udaktari. Hata hivyo, mnamo Novemba 29, 1944, mkuu wa upasuaji katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alisisitiza kwamba fundi huyo Mweusi asimame nyuma ya bega lake wakati akimpasua mtoto wa miezi 15.

Thomas alizaliwa mwaka wa 1910 katika jimbo la Louisiana, akalelewa mjini Nashville. Baba yake alikuwa seremala, naye kijana akajifunza kazi hiyo huku akiweka akiba ya karo ya kusomea udaktari. Uchumi wa Marekani ulipoporomoka, benki aliyoiamini ilifunga milango na akiba yake ikapotea.

Mnamo Februari 1930 aliajiriwa katika maabara ya Dkt Alfred Blalock, Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Punde si punde akawa anafanya upasuaji wa wanyama na kupima kemikali za damu. Katika daftari la mishahara, hata hivyo, aliandikwa kuwa mfagiaji.

Wawili hao walichunguza hali ambayo madaktari huiita mshtuko, inayoua majeruhi wengi. Wakati huo baadhi ya wataalamu waliamini kwamba nyama iliyopondeka hutoa sumu inayoangusha shinikizo la damu. Majaribio ya Blalock na Thomas yalionyesha kwamba chanzo ni damu na majimaji yanayovuja kutoka mishipani hadi mzunguko ukapungukiwa. Tiba, basi, ilikuwa kurejesha kilichopotea. Maarifa hayo yaliwafaa sana majeruhi wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, waliotiwa damu na plazma.

Kupungukiwa huko si jambo rahisi kulitambua, maana mwili hujitetea. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio na mishipa ikabana. Homoni nyingine huamuru figo zizuie maji na chumvi. Kwa muda shinikizo la damu huweza kuonekana salama, kisha likaanguka ghafla. Ulinzi uo huo huamka mgonjwa anapopasuliwa moyo. Ndiyo sababu daktari hana budi kupima maji anayompa na mkojo unaotoka: yakipungua, viungo hukosa damu, yakizidi, mapafu hujaa maji.

Mwaka wa 1941 Blalock alihamia Johns Hopkins na kusisitiza aende na Thomas. Huko Weusi waliajiriwa kufagia, na watu walimkodolea macho alipopita akiwa amevaa koti jeupe.

Ndipo Dkt Helen Taussig, bingwa wa maradhi ya moyo ya watoto, alipowaletea tatizo la watoto waliozaliwa na kasoro inayobana njia ya damu kuelekea mapafuni. Midomo yao iligeuka samawati kwa kukosa oksijeni, na wengi walifariki wakiwa wadogo. Thomas alitumia mbwa wapatao 200 kutafuta namna ya kuunganisha mshipa unaopeleka damu mkononi na ule wa mapafu. Alipofaulu, alimfundisha Blalock.

Siku ya operesheni ile, Thomas alisimama juu ya kigoda akimwelekeza Blalock hatua kwa hatua. Mtoto alitoka akiwa hai, ingawa alifariki miezi kadhaa baadaye. Waliomfuata walipona kwa wingi, na sifa za hospitali hiyo zikaenea duniani. Ripoti ya mwaka wa 1945 ilikuwa na majina ya Blalock na Taussig. Jina la Thomas halikuwamo, naye wakati mwingine alilazimika kuhudumu vinywaji katika karamu za Blalock ili apate riziki ya ziada.

Blalock alifariki mwaka wa 1964. Mnamo 1971, wapasuaji waliofunzwa na Thomas walitoa picha yake ya kuchorwa itundikwe hospitalini. Mwaka wa 1976 Johns Hopkins ilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari wa sheria, si wa tiba, ikamtambua pia kuwa mwalimu wa upasuaji.

Alistaafu mwaka wa 1979, akaaga dunia Novemba 26, 1985. Kwa miaka mingi operesheni hiyo iliitwa kwa majina ya Blalock na Taussig pekee. Siku hizi madaktari wengi huliweka jina la Thomas katikati.